PIN Mkononi mwa Mlipaji: Namba ya Kodi katika Maisha ya Gitothua

Kenya haina fomu moja ya kitaifa ambayo mtu huijaza ili kumkabidhi mlipaji wake namba ya kodi. Kazi hiyo imetawanywa. Katika Gitothua, mojawapo ya wadi nane za eneobunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu, namba ileile huandikwa kwenye fomu ya mfanyakazi mpya kiwandani, kwenye fomu ya msambazaji shuleni, kwenye mkataba wa wakala wa nyumba za kupangisha, kwenye rejista ya SACCO, na siku hizi hata kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako mhudumu huuliza kabla ya kutoa risiti: "Nikuwekee PIN?" Karatasi ni nyingi, shughuli ni moja. Anayelipwa anampa anayelipa utambulisho wake, ili fedha itakayokatwa na kupelekwa serikalini iandikwe kwa jina la aliyekatwa.

Wengi huichukulia PIN kama jambo la siri kati yao na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Sivyo ilivyokusudiwa. Namba hii iliundwa ipite mikononi mwa watu wa kando: mwajiri, benki, mteja, wakala, karani wa ununuzi. Ikiandikwa vibaya, KRA haipotezi kitu, maana fedha imekwisha kuifikia. Anayeumia ni yule aliyekatwa, ambaye kodi yake imekwenda kukaa kwenye hesabu ya mtu asiyemjua, na mwezi Juni anajikuta akidaiwa tena kile alichokwisha kulipa.

Namba yenyewe

PIN ya Kenya ina alama 11: herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Herufi ya kwanza ndiyo ya kutazamwa. Mtu binafsi huanza na A. Kampuni, ubia, shule, kanisa na chama kilichosajiliwa huanza na P. Tofauti hiyo ndogo huleta hasara kubwa kwa wafanyabiashara wa Ruiru wanaokua. Mtu aliyeanza na jina la biashara tu hutumia PIN yake mwenyewe, kwa kuwa kisheria yeye na biashara yake ni kitu kimoja. Siku atakaposajili kampuni, mambo yanabadilika: kampuni ni mtu mwingine, ina PIN yake ya P, na akaunti ya benki ni yake. Akiendelea kuwapa wateja PIN yake ya A kwa sababu ndiyo aliyoikariri, makato yote yataingia kwenye hesabu yake binafsi, huku kampuni ikionekana haijawahi kukatwa hata senti. Kuyahamisha ni barua, viambatisho na subira.

PIN iliingia katika sheria ya kodi ya mapato mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla KRA yenyewe haijaanza kazi Julai 1995. Kwa muda mrefu ilikuwa namba ya wenye mishahara, magari na mashamba yenye hati. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, ndiyo iliyopanga upya orodha ya shughuli ambazo haziwezi kufanyika bila PIN: kuandikisha hati ya ardhi, kusajili gari, kusajili kampuni, kuagiza bidhaa kutoka nje, kuweka amana ya umeme, kufungua akaunti ya benki, kuuzia serikali chochote. Marekebisho ya baadaye yaliongeza namba za malipo za simu, yaani till na paybill. Nyongeza hiyo ndiyo iliyoifikisha PIN kwa mama mboga na kinyozi, kwa kuwa katika mitaa ya Ruiru biashara isiyo na till ni biashara inayofukuza wateja.

Lakini desturi ya mfanyakazi kumpa mwajiri namba ya serikali ni ya zamani kuliko KRA, na katika ukanda huu wa mashamba ya kahawa na katani ina kumbukumbu chungu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume wa Kiafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande, mara nyingi ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, alama za vidole, na nafasi za mwajiri kuandika mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachishwa. Bila saini ya mwajiri wa zamani, mtu hakupata mwajiri mpya. Harry Thuku, mwana wa Kiambu, alipokamatwa Machi 1922, kipande na kodi ya nyumba vilikuwa miongoni mwa malalamiko yake makuu. PIN si kipande: haimzuii mtu kuhama wala kuacha kazi, na mwajiri haandiki sifa za mtu ndani yake. Hata hivyo mzee anayesita kumtajia mgeni namba yake ya serikali ana sababu zake, na karani mwenye adabu angefanya vyema kumweleza inakwenda wapi.

Saiba na barua pepe ya mtu mwingine

Kupata PIN hakulipiwi chochote kwa KRA. Anayetaka huingia kwenye mfumo wa iTax akiwa na kitambulisho, anajaza fomu, na cheti cha PIN kinatoka. Wengine huenda Huduma Centre ya Thika. Lakini walio wengi huenda saiba ya jirani, wanalipa ada ndogo, na kijana wa saiba anafanya kila kitu kwa dakika chache.

Hapo ndipo matatizo mengi huanzia, na yanastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hayaonekani mpaka siku ya kulipwa. Mfumo unadai barua pepe. Mteja hana, au ameisahau, basi kijana anaweka ya kwake au anafungua mpya na kubaki na neno la siri. Kuanzia siku hiyo, kila ujumbe wa KRA huenda kwenye anwani ambayo mwenye PIN hawezi kuifungua. Kila cheti cha makato, kila onyo la ritani iliyochelewa, kila neno la siri jipya, vyote vinamwendea mtu aliyefunga saiba na kuhamia Juja. Mlipaji anapomkata mtu na kutoa cheti cha makato kwa njia ya mfumo, mlipaji anakuwa ametimiza wajibu wake. Kwamba cheti kimefika kwa nani, hilo halimhusu. Kubadilisha barua pepe kunawezekana, kwa kuthibitisha kitambulisho na taarifa nyingine, na mtu akifanya jambo moja tu kuhusu kodi mwaka huu, afadhali liwe hilo.

Ni vizuri pia kutenganisha vitu viwili ambavyo saiba huvichanganya. PIN hupewa mlipaji. Neno la siri la iTax halipewi mlipaji yeyote, na hakuna fomu halali ya mwajiri wala mteja inayoliuliza. PIN inamwezesha mtu kukuandikia kodi. Neno la siri linamwezesha kuandika kwa niaba yako. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa hizi zote ni data binafsi, na mlipaji aliyezipokea kwa ajili ya kodi hana ruhusa ya kuzitumia kwa mengine.

Kundi jingine linalokwama ni wanafunzi. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, inamtaka mwombaji awe na PIN, hivyo kijana huipata kabla hajawahi kulipwa na mtu yeyote. Hakuna anayemwambia kwamba kuanzia hapo anatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kufikia Juni 30, hata kama ni ya sufuri, na kwamba kuchelewa ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ipi iliyo kubwa. Akimaliza chuo na kupata mwajiri wa kwanza, namba anayoiandika kwa furaha kwenye fomu imekwisha kubeba faini za miaka mitatu minne.

Mwajiri

Mfanyakazi mpya katika viwanda na maghala ya Ruiru hujaza fomu yenye majina, namba ya kitambulisho, PIN, namba ya NSSF, ya mamlaka ya afya SHA, na akaunti ya benki. Mwajiri hutumia PIN hiyo kila mwezi katika ritani ya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, maarufu kama P10, ambayo pamoja na malipo yake hutakiwa kufika si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwisho wa mwaka humpa mfanyakazi P9, karatasi inayoonyesha mshahara na makato ya mwezi baada ya mwezi, na P9 ndiyo anayoitumia kujaza ritani yake mwenyewe.

Anayelipwa shilingi 24,000 au chini ya hapo kwa mwezi hakatwi PAYE, kwa kuwa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 inaifuta kodi yote. Wapo wanaodhani kwamba kwa hiyo hawahitaji kutoa PIN. Wanahitaji. Kutokatwa ni hesabu inayofanywa baada ya kuandikwa, na asiyeandikwa hana ushahidi kwamba alifanya kazi.

Zuio: mahali ambapo karatasi inageuka fedha

Kwa asiye mwajiriwa, makato huitwa kodi ya zuio. Mlipaji anashikilia sehemu ya malipo na kuipeleka KRA kwa jina la mlipwaji. Kwa mkazi wa Kenya, ada ya kitaalamu, ushauri au usimamizi hukatwa asilimia 5. Malipo ya kandarasi ya ujenzi asilimia 3. Gawio la hisa asilimia 5. Riba ya benki asilimia 15. Kwa ada za kitaalamu na kandarasi, kiwango cha kuanzia ambacho kimezoeleka ni malipo ya shilingi 24,000 kwa mwezi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 mkazi anayeuzia taasisi za umma bidhaa naye anakatwa asilimia 0.5.

Chukua mchora ramani wa Gitothua aliyemfanyia kazi mjenzi wa nyumba na kutoa ankara ya shilingi 60,000. Atapokea 57,000. Shilingi 3,000 zinakwenda KRA, na tangu Sheria ya Fedha ya 2023 mlipaji ana siku tano tu za kazi kuzifikisha. Zamani alikuwa na hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mfumo unatoa cheti cha makato chenye PIN mbili, ya mkataji na ya mkatwaji. Shilingi hizo 3,000 si hasara. Ni malipo ya mapema, na Juni mchora ramani atayaona kwenye ritani yake na kuyaondoa katika kodi anayodaiwa. Wafanyabiashara wengi wadogo hawalijui hili. Wanaona wamenyang'anywa, wanapandisha bei ili kufidia, kisha hawadai chao. Aliyekatwa mara kumi kwa mwaka na kuwasilisha ritani ya sufuri ameiachia serikali fedha zake, na juu ya hayo ameidanganya, maana vyeti vinaonyesha kwamba alilipwa.

Mlipaji naye ana hofu yake. Asipokata, anaweza kudaiwa kodi ile kana kwamba ni yake, pamoja na adhabu na riba. Ndiyo maana mhasibu wa shule hulegea kwenye bei lakini halegei kwenye PIN. Msambazaji wa mahindi na maharagwe anaweza kuona ni ukali wa bure kuambiwa arudi na cheti cha PIN pamoja na cheti cha kutodaiwa kodi, kinachodumu miezi 12. Mhasibu anajilinda.

Na anathibitisha. Katika iTax kuna sehemu ya kukagua PIN ambako mtu yeyote anaweza kuandika namba na kuona jina la mwenyewe na kama iko hai. Hatua hii huchukua nusu dakika, na huibua jambo ambalo Kenya haijalimaliza: majina. Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, till ina jina la duka, na mwanamke aliyeolewa baada ya kuchukua PIN ana jina moja kwenye cheti na lingine kwenye ankara. Karani akiona majina hayalingani, malipo husimama. Jibu ni kuandika ankara kwa jina lililo kwenye cheti cha PIN, neno kwa neno, na kuacha majina ya mapenzi na ya heshima nje ya karatasi za fedha.

Katika kuthibitisha namba, tofauti ya Kenya na Marekani inaonekana wazi. Marekani ina fomu yake, W-9. Raia au mkazi wa huko humpa mlipaji jina, anwani, aina ya biashara na namba ya kodi yenye tarakimu tisa, kisha anatia saini chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo. Akikataa kutoa namba, mlipaji hukata asilimia 24 ya malipo yote. Mfumo wao unamtegemea mtu kwanza, na kumtisha kwa asilimia kubwa. Wa Kenya haumtaki aape. Unaikagua namba yenyewe, na isipopita ritani ya mlipaji haiendi. Uganda yenye TIN ya tarakimu kumi na Tanzania yenye tarakimu tisa zinaelekea upande huohuo. Utaratibu wa Kenya una faida ya kuzuia kosa mapema, lakini una upofu mmoja: namba hai ya mtu mwingine inapita bila shida. Mfumo unajua PIN ni ya kweli. Haujui kama ni yako.

Mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS, umegeuza mwelekeo. Hapa anayelipa ndiye anayetoa PIN kwa anayelipwa, na ndilo swali la yule mhudumu wa duka la vifaa vya ujenzi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, ila kwa vitu vichache vilivyosamehewa. Anayenunua saruji kwa ajili ya kandarasi ana sababu ya kuitaja PIN yake. Anayenunua mfuko mmoja wa kuziba ufa wa choo chake hana.

Ploti

Gitothua ni mahali pa wapangaji. Watu hufanya kazi Nairobi, Ruiru na Thika na kulala katika vyumba vya ghorofa zilizosimama ambapo zamani palikuwa mashamba. Kodi ya mapato ya pango kwa nyumba za kuishi ilianza Januari 2016 kwa asilimia 10 ya pango lote bila kutoa gharama. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kwa mkazi anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ploti ya vyumba 20 vya shilingi 6,000 kila kimoja huingiza 120,000 kwa mwezi, na kodi yake ni 9,000, inayolipwa si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chumba kikikaa kitupu hakihesabiwi. Rangi, mabomba na mlinzi havipunguzi kitu.

Mpangaji wa kawaida hana haja na PIN ya mwenye nyumba. Wakala anayo. KRA inaweza kumteua wakala wa kukusanya pango awe pia mkataji wa kodi, na akiteuliwa hukata asilimia hiyo na kuipeleka ndani ya siku tano za kazi, kwa PIN ya mwenye ploti. Kwa hiyo mkataba wa wakala ndio fomu ya kodi ya Gitothua, ingawa haina nembo ya serikali juu yake.

Ugumu ni kujua mwenye ploti ni nani. Hati bado ina jina la babu aliyefariki, nyumba zilijengwa na mwana mmoja kwa mkopo wa SACCO, pango linakusanywa na mwingine kwa simu, na dada wawili hupewa fungu lao kila Desemba. Wakala anahitaji PIN moja. Anayeitoa kwa nia njema, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu siku ya kutia saini, ameyachukua mapato ya ukoo mzima kwa jina lake. Kwenye mfumo ataonekana ndiye aliyepokea yote. Ndugu wakigombana, vyeti hivyo vya makato vitaletwa mahakamani na upande wowote utakaoona vinaufaa. Ni afadhali maafikiano ya kugawana pango yaandikwe na kutiwa saini kabla wakala hajapewa namba, na kama ukoo una kampuni au ubia uliosajiliwa, itolewe PIN ya P.

Mlipaji wa ng'ambo

Vijana wa Ruiru wanaoandika, kunakili sauti, kuchora na kutengeneza video kwa wateja wa Marekani hukutana na fomu ya nchi nyingine kabla ya kuijua vizuri ya kwao. Fomu yao si W-9. Hiyo ni ya raia na wakazi wa Marekani pekee, na Mkenya wa Gitothua anayeijaza kwa namba ya kuazima ametia saini uongo. Yake ni W-8BEN, ambayo humwambia mlipaji: mimi si mtu wa Marekani, mimi ndiye mwenye mapato haya, na namba yangu ya kodi nyumbani ni hii. Haipelekwi kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Hubaki kwa mlipaji.

Sehemu kadhaa huwakwaza wakazi wa hapa. Mstari wa 3 unataka anwani ya makazi na unakataza sanduku la posta. Mtu ambaye maisha yake yote anwani yake imekuwa S.L.P. ya Ruiru au Thika, na ambaye nyumba yake huelekezwa kwa kutaja kanisa na nguzo ya stima iliyo mbele yake, lazima aandike jina la jengo au namba ya ploti, barabara au mtaa, Gitothua, Ruiru. Sanduku la posta linaingia mstari wa 4, ambao ni wa barua. Mstari wa 5 ni wa namba ya Marekani, na huachwa wazi na asiye nayo. PIN ya KRA inaingia mstari wa 6a. Tarehe ya kuzaliwa huanza na mwezi, si siku, hivyo aliyezaliwa Machi 4 na kuandika 04-03 amejifanya mtoto wa Aprili. Sehemu ya pili, ya kudai nafuu ya mkataba wa kodi, huachwa tupu, kwa sababu Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepuka kutoza mapato mara mbili.

Kukosekana kwa mkataba kuna uzito tofauti kwa kazi tofauti. Anayeandika au kunakili sauti akiwa Gitothua anafanya kazi nje ya Marekani, na kwa kanuni zao malipo ya huduma hufuata mahali kazi ilipofanyika, kwa hiyo hakatwi huko. Mwenye chaneli ya YouTube yuko kwenye hali nyingine. Tangu Juni 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yatokanayo na watazamaji walioko Marekani, na kwa nchi isiyo na mkataba ni asilimia 30. Mchekeshaji wa Kikuyu au mwimbaji wa injili wa Ruiru anaweza kuwa na watazamaji wengi kule, maana waliohamia Massachusetts, Texas na Georgia wana kiu ya lugha ya nyumbani. Tuseme anapata dola 1,000 kwa mwezi, 400 kati yake zikitoka kwa watazamaji wa Marekani. Akijaza fomu, anakatwa dola 120. Asipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote ya dunia nzima, yaani dola 240. Kuchelewesha karatasi moja kunamgharimu maradufu kila mwezi.

Kinachobaki baada ya makato hayo bado ni mapato kwa KRA. Kazi ilifanyika Kenya na mkazi wa Kenya, nayo inaingia kwenye ritani ya Juni. PIN iliyoandikwa kwenye mstari wa 6a ndiyo ileile iliyo kwenye cheti cha saiba, kwa hiyo anayedhani mambo ya ng'ambo na ya nyumbani hayakutani ameyaunganisha mwenyewe kwa mkono wake.

Mambo yanapobadilika

W-8BEN ina mwisho. Iliyotiwa saini Mei 2025 hudumu hadi Desemba 31, 2028, yaani mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka wa saini. Hali ya mtu ikibadilika kabla ya hapo, ana siku 30 za kumjulisha mlipaji. Sheria ya Kenya nayo inatoa siku 30 za kuijulisha KRA mabadiliko ya taarifa za usajili. PIN haimaliziki muda wake, na ndiyo maana watu huisahau ikiwa na simu ya zamani, makazi ya zamani na hali ya ukazi ya zamani.

Ukazi ndio unaowashika watu wa Gitothua walioko ughaibuni. Mwenye ploti aliyehamia Dallas na kupata kadi ya kijani sasa ni mtu wa kodi wa Marekani: W-8BEN yake imekufa, waajiri na wateja wa kule watamtaka W-9, na mapato yake ya dunia nzima, pango la Ruiru likiwemo, yanatajwa kwenye ritani ya huko. Kenya inamtazama kwa vipimo vyake. Akiwa na makao ya kudumu hapa na akafika hata kwa siku chache katika mwaka, bado ni mkazi. Bila makao, ni lazima awe amekaa siku 183 katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 katika mwaka huo na miwili iliyotangulia. Akivikosa vipimo vyote, si mkazi, na pango lake haliko tena katika asilimia 7.5. Kwa asiye mkazi ni asilimia 30 ya pango lote. Kwa ile ploti ya vyumba 20, tofauti ni kati ya shilingi 9,000 na 36,000 kwa mwezi.

Wakala wa Ruiru hana njia ya kujua hayo. Anayo PIN inayoanza na A, iliyo hai, yenye jina linalolingana na mkataba, na iTax inaipitisha. Kama mwenyewe ameacha chumba kimoja cha nyumba ya familia kikiwa na kitanda na nguo zake na huja kila Krismasi, huenda asilimia 7.5 ni sahihi. Kama amekipangisha hicho nacho na hajarudi tangu aondoke, wakala anakata kiasi pungufu kila mwezi, na deni linakusanyika kwa jina lake yeye wakala pia.